Mawese, Doa na Sabuni

Nguo nyeupe huku Kisangani ina maadui wawili wakubwa: utomvu wa ndizi na mafuta ya mawese. Mama yeyote wa nyumba awajua. Utomvu huja kwa siri, hauonekani siku ya kwanza, na kesho yake nguo imepata mabaka meusi kama ya wino. Mawese hayana siri. Tone moja la mchuzi likidondoka kifuani, meza nzima imekwisha kuliona. Habari za utomvu ni fupi na za kuhuzunisha, tutazigusa mbele. Leo twataka kueleza habari za mawese, maana katika historia ya mkoa wetu wa Tshopo mafuta hayo yamefanya kazi mbili zilizo kinyume: yametia nguo doa, tena yamekuwa sabuni ya kuliondoa. Na katikati ya kazi hizo mbili wamo watu: waliokwea michikichi, waliofua, na waliopimwa utu wao kwa weupe wa shati.

Hapo kale doa la mawese halikuwako. Si kwamba mafuta hayakuwako. Michikichi ilikuwa tele kando ya mto na penye mahame ya vijiji, hata leo ukikuta kundi la michikichi mirefu katikati ya msitu, wazee watakuambia kwamba hapo walikaa watu. Kilichokosekana ni kitambaa cheupe. Wagenya wa maporomoko ya Boyoma, Walokele wa mtoni, Wakumu, Wambole, Waturumbu na Watopoke hawakuvaa shati. Watu wa msitu walipiga magome ya miti fulani kwa nyundo mpaka yakalainika yakawa nguo, na wengine walifuma nyuzi za majani ya mrafia. Vitambaa hivyo vina rangi ya mti au ya udongo, wala havionyeshi uchafu upesi.

Tena mawese yenyewe yalipakwa mwilini kwa makusudi. Mti mwekundu uitwao ngola ulisagwa ukawa unga, unga ukachanganywa na mafuta, na watu wakajipaka siku za ngoma na za sherehe. Ngozi iliyong'aa kwa mafuta ilikuwa ngozi nzuri. Twaomba wasomaji walishike neno hili, maana ndilo mlango wa habari yetu yote: rangi ile ile iliyokuwa pambo juu ya ngozi, ikawa doa siku kitambaa cheupe kilipofika.

Kilifika kutoka mashariki. Mwaka 1877 Stanley alipita maporomoko akishuka mto, na miaka michache baadaye wakaja wafanya biashara wa pembe waliotoka pande za Nyangwe na Kasongo, pamoja na watu wao walioitwa Waungwana. Mkubwa wao alikuwa Hamed bin Muhammed, mzaliwa wa Unguja, ambaye watu wote walimwita Tippu Tip. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alimfanya gavana wa Stanley Falls, na huo ndio mji tuuitao Kisangani. Uliitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966. Watu hao walileta mchele, walileta lugha hii tunayoiandika, na walileta vitambaa. Merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, jina lake latokana na Amerika, kwa sababu mabaharia wa mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walikiuza kwa wingi Unguja, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani Sayyid Said. Kaniki ilikuwa ya rangi ya nili, nyeusi karibu, nayo yaficha kila kitu. Pwani ilivaliwa na watumwa na watu wa kazi. Kanzu nyeupe ilikuwa alama ya mwungwana. Mtu aliyeweza kuivaa nyeupe siku nzima alionyesha kwamba yuko mwingine wa kumpikia, na mwingine wa kumfulia.

Tusifiche jambo lililo wazi. Vitambaa hivyo vililipa pembe, na pembe hizo zilichukuliwa na watu waliotekwa vijijini. Mama aliyekuwa akifua kanzu ya bwana wake pale Falls mara nyingi hakuja kwa hiari yake. Basi kufua nguo nyeupe, huku kwetu, kulianza kuwa kazi ya mtu kwa ajili ya mtu mwingine.

Neno sabuni nalo lilikuja kwa njia hiyo. Warumi walisema sapo. Plinio, mwandishi wa Roma wa karne ya kwanza, aeleza kwamba Wagali waliitengeneza kwa mafuta ya wanyama na majivu, lakini si kwa kufulia: walijipaka nywele zipate wekundu! Waarabu walisema sabun, Waswahili wakasema sabuni, na hata ndugu zetu wasemao Lingala husema sabuni.

Lakini je, kabla ya sabuni ya duka mama alifanyaje penye doa la mawese? Alikuwa na vitu viwili, majivu na jua, navyo havijachakaa hata leo.

Kwanza majivu. Watu wa mashariki wana magadi ya maziwa yao ya chumvi. Msituni kwetu magadi hayapatikani. Lakini majivu ya mikungu mitupu ya chikichi, au ya maganda ya ndizi, au ya mimea fulani ya majini, yana nguvu inayokaribia ile ya magadi. Majivu hutiwa katika chungu kilichotobolewa chini, maji humiminwa juu, na yanayotiririka chini ni maji makali yenye rangi ya chai. Kazi yake kubwa zamani ilikuwa chumvi ya kupikia: yakichemshwa mpaka kukauka, chumvi ya mimea hubaki. Lakini maji hayo hayo yajua kufua. Mawese yaliyokaa siku nyingi huharibika kidogo kidogo, na sehemu yake hugeuka kuwa asidi. Ndiyo maana huwasha kooni. Asidi hizo zikikutana na maji ya majivu huwa sabuni papo hapo, ndani ya uzi wenyewe wa kitambaa. Yaani doa lajitengenezea sabuni yake. Mtu aliyegundua jambo hili mara ya kwanza hatumjui, lakini twamheshimu kuliko wengi walioandikwa vitabuni.

Pili jua. Sabuni, iwe ya majivu au ya duka, huondoa mafuta, wala haiondoi rangi yote. Mama hufua shati mara tatu, mafuta yamekwisha, na bado pana kivuli cha manjano. Mgeni hukata tamaa, hununua dawa ya bei kubwa. Mwenyeji hutandika shati likiwa bichi juu ya majani, mbele ya jua la saa sita, na jioni manjano imetoweka kama haikuwako. Sababu yake si ya ajabu. Wekundu wa mawese ni karotini, kitu kile kile kilichomo katika karoti, na ambacho mwili wetu hukigeuza vitamini A. Kilo moja ya mawese mabichi ina kama nusu gramu yake, au zaidi kidogo. Karotini haivumilii mwanga. Jua na hewa huvunja umbo lake, na likivunjika rangi yaisha. Watu wa pwani wanaopika kwa bizari ya manjano wajua jambo lililo ndugu yake: doa la bizari likiguswa na sabuni huwa jekundu kama damu, mfuaji ashtuka, kisha jua lamwondolea.

Utaratibu lakini ushikwe. Mafuta yatoke kwanza kwa sabuni, ndipo jua. Ukianza na jua, rangi yaweza kufifia, lakini mafuta yamebaki katika uzi. Yatakamata vumbi, na baada ya wiki mbili doa litarudi, safari hii la kijivu. Na nguo za rangi, kama vitenge, zigeuzwe ndani nje, maana jua halichagui kati ya rangi ya mawese na rangi ya kitenge.

Wazungu nao walifanya vivyo hivyo kwa miaka mingi sana. Vitambaa vya kitani vya Ulaya ya kaskazini vililowekwa katika maji ya majivu, vikatandikwa juu ya majani mabichi siku nyingi, vikatiwa katika maziwa yaliyochacha, vikarudishwa majivuni, tena majanini. Kazi hiyo ilichukua miezi. Mji wa Haarlem wa Uholanzi ulisifiwa kwa kazi hiyo, na mbuga zake zilijaa vitambaa mpaka wachoraji wakazichora. Ndipo mwaka 1785 Mfaransa Claude Berthollet alipoonyesha kwamba klorini hufanya kwa saa chache kile ambacho jua hukifanya kwa miezi. Karibu na Paris palikuwa na kijiji kiitwacho Javel, kiwanda kikajengwa pale, na jina la kijiji hicho sasa liko katika chupa za maduka yote ya Kisangani. Maji ya Javel ni mtumishi mkali. Yanafaa pamba nyeupe tu. Hariri na sufu huziharibu kabisa, na doa la kutu huligandisha zaidi. Wala yasichanganywe kamwe na ndimu, siki, au dawa yenye amonia: moshi unaotoka huumiza mapafu, na katika chumba kidogo waweza kuua.

Sasa twarudi kwa mawese, maana karne ya kumi na tisa iliyageuzia njia yake.

Ulaya ilikuwa na viwanda, na viwanda vilikuwa na masizi na watu wengi. Wanasayansi wakaisaidia sabuni. Nicolas Leblanc alipata mwaka 1791 hati ya namna yake ya kutengeneza soda kwa chumvi ya kawaida, hata majivu yakawa hayahitajiwi. Chevreul, Mfaransa pia, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1823 mafuta ni kitu gani na sabuni hutokeaje. Na mwaka 1861 Mbelgiji Ernest Solvay akavumbua namna ya soda iliyo rahisi kuliko ile ya Leblanc. Soda ikawa nyingi. Kilichopungua sasa ni mafuta. Mwaka 1884 Mwingereza William Lever alianza kuuza sabuni iliyokatwa vipande na kufungwa katika karatasi, akaiita Sunlight, yaani mwanga wa jua. Jina hilo twaliona zuri, nalo latuchekesha kidogo, tukikumbuka shati letu majanini. Mwaka 1888 alianza kujenga kijiji cha wafanya kazi wake, Port Sunlight, chenye nyumba nzuri na bustani, na watu walikuja kutoka mbali kukitazama.

Ili asiwategemee wauza mafuta wengine, Lever alitafuta michikichi yake mwenyewe. Tarehe 14 Aprili 1911 alifanya mkataba na serikali ya Ubelgiji, na kampuni ya Huileries du Congo Belge ikaanzishwa. Ilipewa miduara mitano katika ramani ya Kongo, kila mmoja wenye kilomita 60 toka katikati hadi ukingoni, na ndani yake iliruhusiwa kuchagua ardhi mpaka hekta 750,000. Miduara ikapewa majina: Leverville, jina la bwana mwenyewe, Alberta, la mfalme, Brabanta, Flandria, na wa kwetu, pande za Barumbu na Lokutu, chini ya Kisangani kwa njia ya mto, ukaitwa Elisabetha, jina la malkia. Watu waliokuwa wakikaa ndani ya mduara huo waliamka asubuhi moja wakiwa wakaaji wa Elisabetha, wala hakuna aliyewauliza. Mwaka 1912 kipande cha kwanza cha sabuni iliyotengenezwa kwa mafuta ya Kongo kilipelekwa kwa Mfalme Albert katika kisanduku cha pembe ya ndovu. Pembe na mawese, mali mbili za nchi yetu, katika zawadi moja.

Nani aliyekata mikungu? Mchikichi wa msitu ni mrefu, na mkwezi hupanda kwa mshipi wa kamba unaozunguka shina na kiuno chake. Juu pana miiba, pana siafu, pengine nyoka. Mkungu mmoja waweza kuwa na kilo ishirini. Kazi hiyo watu waliijua tangu zamani, kila mtu kwa ajili ya chungu chake. Lakini kuikwea miti kila siku, kwa hesabu ya kampuni na kwa mshahara mdogo, hawakuitaka. Basi machifu walilazimishwa kutoa watu, na watumishi wa serikali walisaidia kampuni kuwapata. Hayo si maneno ya uchungu tu. Jules Marchal, Mbelgiji aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, kisha balozi wa nchi yake, alitumia miaka ya uzee wake kusoma makaratasi ya serikali hiyo hiyo, na kitabu chake juu ya kazi ya kulazimishwa kwa ajili ya mafuta ya Lever kilitoka mwaka 2001. Mbali na kwetu, upande wa Kwango, ambako watu wa Leverville walitafutiwa kazi, Wapende waliasi mwaka 1931, na zaidi ya 500 waliuawa.

Na sabuni ikarudi. Kwanza ilirudi kwa meli kutoka Ulaya, baadaye viwanda vilijengwa Leopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, na vipande vikapanda mto mpaka katika maduka ya Stanleyville. Mkwezi aliyekata mkungu alinunua kwa mshahara wake kipande cha sabuni ili aondoe mafuta ya mkungu katika kaptura yake. Twafikiri hakuna haja ya kuongeza neno hapo.

Lakini sabuni ilikuja na jambo jingine, gumu kuliko bei. Ilikuja na hukumu. Huko Uingereza sabuni ya Pears ilitangazwa kwa picha ya mtoto mweusi akioshwa na mtoto mweupe, na mwili wake ukatoka mweupe majini. Watu wetu hawakuziona picha hizo, ila walikutana na wazo lake. Mchafu na asiyestaarabika yakawa karibu neno moja. Mtu aliyejipaka mawese na ngola, ambaye baba yake angemsifu, sasa aliambiwa aoge. Katika shule za misioni (ya kwanza ya Kikatoliki pande hizi ni ya Mtakatifu Gabrieli, iliyoanzishwa na Padre Gabriel Grison mwaka 1897, naye baadaye akawa askofu) wasichana walifundishwa kushona, kufua na kupiga pasi. Elimu hiyo ilikuwa njema, tena bibi wengi wa leo hujivunia mikunjo ya pasi waliyoijifunza huko. Twasema tu kwamba ilifundishwa pamoja na somo jingine lisiloandikwa ubaoni, nalo ni kwamba doa katika nguo ni doa katika mtu.

Somo hilo lilifika kileleni baada ya vita kuu ya pili. Mwaka 1948 serikali ilitoa kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 ikatoa daraja ya juu zaidi, kuandikishwa rasmi kama mtu aliyestaarabika. Makarani, waalimu na waganga wasaidizi wa miji mikubwa, walioitwa évolués, waliiomba. Kabla ya kupewa, wajumbe walikuja nyumbani. Walitazama sebule, jiko na choo. Walitaka kujua kama mume na mke wala pamoja mezani kwa kisu na uma, hata kama watoto walala na pijama. Wasomaji waipime siku hiyo kwa upande wa mama wa nyumba. Kitambaa cha meza kimefuliwa, kimetiwa buluu, kimepigwa pasi ya makaa. Mchuzi wa mawese hauwezi kupikwa wiki hiyo. Patrice Lumumba, wakati ule karani wa posta huku Stanleyville, aliomba, akakataliwa kwanza, akakubaliwa mwaka 1954. Katika nchi nzima yenye mamilioni ya watu, walioandikishwa walihesabika kwa mamia tu. Baba ndiye aliyepewa kadi. Mikono iliyokuwa imeng'arisha shati lake haikuandikwa popote.

Kwa kuwa tumeitaja buluu, tuieleze kidogo, maana vijana wengi hawaijui. Pamba nyeupe ikizeeka huwa na umanjano. Buluu haiuondoi, humdanganya mtu macho. Rangi ya samawi kidogo ikichanganyika na manjano, jicho huona nyeupe. Mfaransa Guimet aliweza kutengeneza kwa bei ndogo rangi ambayo zamani ilisagwa kwa jiwe la thamani kutoka Afghanistani, na Waingereza wa kampuni ya Reckitt wakaisambaza duniani katika vifurushi vidogo. Unga wa kufulia wa siku hizi una dawa inayofanya hila ile ile: hunywa mwanga usioonekana wa jua na kuutoa kwa rangi ya samawi. Mtu husema shati limetakata, kumbe limepakwa.

Kadi ziliisha pamoja na ukoloni mwaka 1960. Doa halikuisha. Uasi na vita vya mwaka 1964 viliufunga mji. Mwaka 1973 serikali ya Mobutu ilichukua biashara za wageni na kuwapa watu wasiozijua, na maduka mengi yakawa matupu. Uporaji wa mwaka 1991 na wa 1993 ulimaliza mengine. Kisha, vita vya pili vilipoanza mwaka 1998, safari za biashara za mtoni kati ya Kinshasa na Kisangani zilikatika kwa miaka kadhaa, na mwezi wa Juni mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji wenyewe, mabomu yakaangukia nyumba za watu. Wakati kama huo hakuna anayeuliza habari za shati. Ila waliookoka walikuwa na nguo moja moja, na nguo moja yahitaji kufuliwa kuliko kumi.

Mawese hayakutoka Kinshasa, yalikuwa hapa hapa. Sabuni inayopikwa nyumbani kwa mawese na soda kali huuzwa sokoni hata leo, ya rangi ya udongo au ya manjano, imekatwa kwa waya. Atakayeitengeneza ajue kwamba soda kali huunguza ngozi na macho. Itiwe soda katika maji polepole, wala si maji katika soda, maana huchemka ghafula na kuruka. Chombo kiwe cha plastiki ngumu au cha chuma, kamwe si cha aluminiumu. Watoto wakae mbali. Wengine huchemsha mafuta kwanza mpaka wekundu uishe, lakini mafuta yenye moto mkubwa namna hiyo huwaka, na nyumba ya miti haina rehema. Sabuni ikikwisha kuganda isitumiwe upesi. Ikae wiki nne, ili soda iliyobaki imalizike. Sabuni changa hula mikono ya mfuaji na rangi ya kitenge pamoja. Mtu akiwa na haraka huuza kipande kibichi, na mnunuzi humlaumu Mungu kwa mikono yake.

Madoa mengine tuyapitie upesi. Damu huondolewa kwa maji baridi tu, maana maji ya moto huipika katika uzi kama yai. Kutu, ya msumari au ya kitanda cha chuma, hushindwa kwa ndimu na chumvi na jua, kisha nguo isuuzwe sana. Udongo mwekundu uachwe ukauke, upigwe kwa burashi, ndipo maji. Ukiutia maji kwanza umeuingiza ndani. Nta ya mshumaa ikwanguliwe, kisha iwekwe karatasi juu na chini, ipitishwe pasi yenye moto kidogo, karatasi itainywa. Wino wa kalamu ya Bic, ugonjwa wa mifuko yote ya wanafunzi, huyeyuka kwa alkoholi kali, na mwenye lotoko nyumbani anaweza kuitumia kwa pamba, akijaribu kwanza penye pindo. Kati ya matumizi yote ya lotoko tunayoyajua, hilo ndilo bora.

Huko Lokutu kinu hakikufa. Unilever, kampuni iliyozaliwa mwaka 1930 kutokana na ile ya Lever, iliuza mashamba yake ya Kongo mwaka 2009 kwa kampuni ya Feronia, na mwaka 2020 yakaingia katika mikono mingine tena. Wanakijiji wamedai ardhi iliyochukuliwa katika mwaka ule wa 1911 bila wao kuulizwa.

Uliobaki ni utomvu wa ndizi. Ukiwa mbichi, maji mengi na sabuni dakika ile ile huweza kuuondoa. Ukikauka, hewa huugeuza kuwa mweusi, umeshikamana na uzi, na hapo jua halifai, ndimu haifai, majivu hayafai. Javel hufaa kidogo kwa pamba nyeupe na huichakaza. Ndiyo maana kila nyumba ya kijijini ina kitenge kimoja kikuukuu kilichoning'inizwa nyuma ya mlango, cheusi kwa mabaka, ambacho mama hukivaa anapokwenda kukata ndizi, wala hakifui ila kwa ajili ya jasho.